"Presha Imeshuka": Lugha ya Tabibu na Mgonjwa wa Shinikizo la Damu katika Kasulo, Wilayani Ngara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza baadhi ya vikwazo vya kiisimu vinavyojitokeza tabibu anapozungumza kwa Kiswahili na mgonjwa mwenye shinikizo kubwa la damu. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ukaidi wa wagonjwa hutokana na maana za maneno na maumbo ya vitenzi ambayo tabibu hayatilii shaka. Msamiati wa afya wa Kiswahili cha Tanzania umekuzwa hasa katika mapambano dhidi ya maradhi yanayoanza na kwisha, na bado haujazoea maradhi yasiyokwisha. Eneo linalorejelewa ni Kasulo, mkoani Kagera. Mifano ya mazungumzo imetungwa kwa madhumuni ya ufafanuzi.

1.0 Utangulizi

Shinikizo kubwa la damu ni maradhi yasiyo na sauti. Mtu aweza kuishi nayo miaka mingi bila kuumwa chochote, hadi siku anapopooza upande mmoja au figo zake zinaposhindwa kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nayo, na kwamba yapata 46 katika kila 100 kati yao hawakujua. Nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu Ilala, jijini Dar es Salaam, na kijiji kimoja cha wilaya ya Hai ulionyesha kuwa maradhi haya si ya mjini peke yake: katika sehemu zote mbili takriban watu wazima 3 katika kila 10 walikuwa nayo. Walioijua hali yao hawakufika hata mmoja katika watano, na waliokuwa wamedhibitiwa vema hawakufika mmoja katika mia.

Takwimu hizi kwa kawaida huelezwa kwa uhaba wa dawa, umbali wa zahanati na umaskini. Sababu hizo ni za kweli. Hata hivyo, kati ya dawa iliyopo mezani na dawa inayomezwa nyumbani kuna mazungumzo ya dakika chache, na mazungumzo hayo ni tukio la lugha. Mwanaisimu ana haki ya kuyachunguza, na pengine ana wajibu.

Kasulo ni kata ya wilaya ya Ngara, kwenye njia iendayo Biharamulo. Wasomaji wengi walilisikia eneo hili kwa jina la Benaco, lililotokana na kampuni ya ujenzi wa barabara, wakati Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi mwishoni mwa Aprili 1994, na kambi kubwa ikazuka mahali palipokuwa mashamba na vichaka. Kambi za wakimbizi hao zilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996, lakini njia panda imebaki. Hapa Kihangaza na Kishubi, lugha za wenyeji wa Ngara, hukutana na Kinyarwanda na Kirundi vya ng'ambo ya mpaka, na Kisukuma na Kizinza kutoka upande wa Biharamulo. Kiswahili ndicho kiunganishi, lakini kwa wazee wengi ni lugha ya pili, na kwa bibi ambaye hakwenda shule huenda ikawa lugha ya sokoni tu.

Tabibu naye ana hali yake. Maradhi amefundishwa kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya vyuo vya tiba nchini. Anapokaa mbele ya mgonjwa hulazimika kufasiri papo hapo, bila kamusi na bila mkalimani mwingine ila yeye mwenyewe. (Hapa "tabibu" linatumika kwa maana pana. Katika zahanati ya kijijini anayeitwa daktari mara nyingi ni afisa tabibu au muuguzi, na mgonjwa hana sababu ya kuwatofautisha.)

2.0 Jina la maradhi

Kiswahili rasmi kina "shinikizo la damu". Nomino hii imenyambuliwa kutokana na kitenzi shinikiza, chenye maana ya kubana au kukandamiza kwa nguvu, na leo inasikika zaidi katika habari za siasa kuliko zahanati. Wapo wanaosema "msukumo wa damu" na "mgandamizo wa damu". Watu wote, wakiwamo matabibu wenyewe nje ya saa za kazi, husema "presha".

Presha si neno baya. Limeingia katika ngeli ya I-/ZI- bila taabu yoyote. Tatizo lake ni kwamba linabeba maana tatu kwa wakati mmoja. Kwanza ni kipimo: "nipime presha". Pili ni maradhi: "mama ana presha". Tatu ni hali ya nafsi: "mtoto huyu ananipandisha presha". Maana ya tatu ndiyo inayotawala maisha ya kila siku, na kwa hiyo ndiyo inayofasiri nyingine mbili. Hilde Strahl, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2003 juu ya Dar es Salaam, aliishughulikia presha kama tatizo jipya la afya linalopewa tafsiri za kiutamaduni. Na yeyote anayesikiliza mazungumzo ya benchi la kusubiria atajua kwamba presha huhusishwa na hofu, msiba, hasira na "mawazo".

Tabibu huchochea fasiri hiyo bila kukusudia anapomwambia mgonjwa "acha mawazo". Kwanza, agizo hilo halitekelezeki. Hakuna aliyewahi kuacha mawazo kwa kuamriwa. Pili, linamfundisha mgonjwa kwamba chanzo cha maradhi ni mawazo. Kutokana na hayo atafikia uamuzi ambao kimantiki hauna dosari: siku ambazo moyo umetulia, dawa hazihitajiki.

Kwa msemaji wa Kinyarwanda taswira ni nyingine kabisa. Lugha hiyo huyaita maradhi haya umuvuduko w'amaraso, na umuvuduko ni kasi, mwendo. Kiswahili rasmi kinaiona damu ikibana. Kinyarwanda kinaiona ikikimbia. Mtu aliyelelewa na taswira ya kasi ana haki ya kuishika mapigo ya moyo wake kama kipimo: moyo haukimbii, basi sina. Katika eneo lenye lugha zilizo jirani sana na Kinyarwanda na Kirundi, tabibu hawezi kudhani kuwa neno "shinikizo" limefika likiwa na taswira yake. Maelezo mafupi ya mpira wa kumwagilia bustani, uliofunguliwa maji mengi hadi kuta zake zinachoka, humsaidia msikilizaji kuliko istilahi yoyote. Palipo na mashamba bila mabomba, kamba inayovutwa siku zote bila kulegezwa hufaa vilevile.

3.0 Ya juu, ya chini, ya kupanda, ya kushuka

Kipimo cha presha hutoa namba mbili, kwa mfano 150 juu ya 95, katika milimita za zebaki. Namba ya kwanza, sistoli, ni nguvu ya damu moyo unapobana. Ya pili, diastoli, ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea. Kwa kawaida mtu huhesabiwa kuwa na maradhi iwapo vipimo vya siku mbili tofauti vinaonyesha 140 au zaidi kwa namba ya kwanza, au 90 au zaidi kwa namba ya pili.

Matabibu wengi huziita namba hizo "presha ya juu" na "presha ya chini". Wakati huohuo, lugha ya watu ina maradhi mawili yaitwayo "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka", na maradhi yenyewe katika Kiswahili rasmi huitwa pia "shinikizo la juu la damu". Tazama mfano (1):

(1) Tabibu: Mama, presha yako ya juu ni nzuri, ila ya chini bado.
Mgonjwa: Kumbe ninayo ya chini pia?

Mgonjwa hajakosea. Kiunganishi "ya" pamoja na "chini" hakibainishi kama panazungumziwa mahali pa namba kwenye karatasi au kiwango chake. Katika mfano huu namba ya chini iko juu! Ningependekeza "namba ya kwanza" na "namba ya pili", maneno yasiyo na kishawishi chochote, na "juu" na "chini" ziachiwe kazi ya kutaja kiwango peke yake.

Lililo zito zaidi ni kitenzi shuka. Tabibu aliyefurahishwa na matokeo ya tiba husema:

(2) Presha yako imeshuka.

Kwake hii ni habari njema. Kwa mgonjwa yaweza kuwa mojawapo ya habari mbili, zote mbaya kwa tiba. Ya kwanza: maradhi yamekwisha. Kiambishi -me- katika imeshuka kinaonyesha tendo lililotimia na hali iliyofikiwa, sawa na amepona na mvua imekatika. Hakuna chochote katika sentensi kinachosema kwamba hali hiyo inashikiliwa na vidonge. Ya pili: nimehama kutoka presha ya kupanda kwenda presha ya kushuka. Na kwa presha ya kushuka watu hushauriana kunywa soda au kulamba chumvi. Sentensi moja ya pongezi inaweza hivyo kumrudisha mgonjwa kwenye chumvi aliyokatazwa na kumwachisha dawa alizopewa.

Dawa ya sentensi hii ni kishazi cha sababu: "Imetulia kwa kuwa unakunywa dawa; ukiacha, itapanda tena." Ujumbe umo katika "kwa kuwa".

4.0 Neno dozi

Sehemu hii ndiyo kiini cha makala, kwa sababu hapa historia ya nchi imeingia ndani ya neno.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea. Ilihusu malaria, kuhara, kichocho na maradhi mengine ya namna hiyo, na ilifaulu kuipa lugha ya taifa msamiati wa afya ambao mwanakijiji aliutambua kuwa ni wake: kinga, vimelea, kuchemsha maji, choo. Ndivyo ilivyopasa kuwa. Maradhi hayo yana mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Msamiati uliokua pamoja nayo una mwanzo na mwisho: kuambukizwa, kuugua, kutibiwa, kupona.

Katika msamiati huo neno dozi limepata maana ya Kiswahili ambayo haipo katika lugha lilikotoka. Huko lilikotoka, dozi ni kiasi cha dawa kinachotumiwa kwa mara moja. Katika Kiswahili, dozi ni mfululizo mzima wa dawa, na kitenzi kinachoandamana nayo ni maliza. "Umemaliza dozi?" ni swali analoulizwa kila mzazi ambaye mwanawe aliugua malaria. Dawa mseto humezwa kwa siku 3. Za kuua bakteria siku 5 au 7. Hata kifua kikuu, kwa tiba ya kawaida, kina miezi 6 inayohesabika. Kwa miaka mingi, kumaliza dozi kumefundishwa kuwa ndiyo sifa ya mgonjwa mwema.

Sasa mgonjwa mwema huyu anapewa vidonge 30 vya presha na kuambiwa arudi baada ya mwezi. Anameza kila siku bila kukosa. Siku ya 30 pakiti ni tupu. Kwa mujibu wa sarufi yote ya afya aliyofundishwa, amemaliza dozi. Anaporudi baada ya miezi mitano, namba zikiwa mbaya kuliko awali, katika daftari lake huandikwa kwamba hafuati masharti. Amefuata. Masharti aliyofuata ni yale ya neno.

Badala ya dozi hutumika wakati mwingine "dawa za maisha". Maelezo haya ni sahihi kitabibu, lakini mkoani Kagera yana kivuli. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani humu mwaka 1983, na familia nyingi zilizika kabla ya dawa kupatikana. Dawa za kumezwa maisha yote zilijulikana kwa watu wengi kwanza kupitia UKIMWI, na mzee anayeambiwa mbele ya jamaa zake kwamba ataanza "dawa za maisha" anaweza kusikia jambo ambalo hakuambiwa.

Hata hivyo, ni UKIMWI huohuo ulioipa lugha kitenzi ambacho tulikikosa. "Dawa za kufubaza" ni maelezo mazuri mno. Fubaa ni kupoteza mng'aro au ukali. Kufubaza ni kuutoa ukali huo bila kukiondoa kitu chenyewe. Hapa Kiswahili kilipata njia ya kusema kwamba maradhi yapo, hayajaondoka, lakini hayana meno. Neno rasmi, kudhibiti, linanukia ofisi: hudhibitiwa mipaka, bei na magendo. Sipendekezi kwamba presha "ifubazwe", kwa kuwa kivuli kilekile kingerudi. Ninachosema ni kwamba wanaounda istilahi, iwe BAKITA au waliotuachia Kamusi ya Tiba ya TUKI (2003), wanapaswa kutafuta vitenzi kwa bidii ileile waliyotafuta nomino. Kwa presha, "kuishikilia" kwafaa kujaribiwa: "dawa hii haiondoi presha, inaishikilia." Anayeshikilia mbuzi kwa kamba anajua kitakachotokea akiiachia.

5.0 Wakati, ukanushi na ukweli wa mgonjwa

Tabibu huuliza, "Umekunywa dawa?" Mgonjwa hujibu, "Nimekunywa." Jibu ni la kweli: amekunywa asubuhi ya leo, hasa kwa kuwa alikuwa anakuja zahanati. Tabibu alikusudia mazoea, akatumia -me-, na akapata jibu la -me-.

Mazoea katika Kiswahili sanifu yana kiambishi chake, hu-, lakini hapa pana mtego. Hu- ya mazoea inafanana kwa umbo na hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili umoja. Hivyo:

(3) Hula chumvi? (ni kawaida yako kula)
(4) Huli chumvi? (wewe hukili kitu hicho)

Irabu moja ya mwisho inatenganisha maana mbili zinazopingana. Kwa mjuzi wa lugha hiyo inatosha. Kwa mtu anayekitumia Kiswahili kama lugha ya pili, aliyezoea kuitafuta alama ya ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, katika chumba chenye kelele za watoto, haitoshi.

Ukanushi una tatizo la pili, ambalo ni la jibu. Akiulizwa "Hujaacha dawa, mama?", mgonjwa aweza kusema "Ndiyo", akithibitisha kauli kwamba hajaacha, au "Hapana", akilikataa wazo la kuacha. Majibu mawili kinyume, maana moja. Tabibu anayejaza fomu ya Kiingereza kwa neno moja atakosea mara kwa mara, wala hatajua. Swali lililo salama ni la kuhesabu: "Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi dawa ilikupita?" Katika "ilikupita" mtendaji ni dawa, si mgonjwa, na lawama hupungua. Wajuzi wa kauli za vitenzi wataelewa kwa nini jibu la ukweli hupatikana kwa urahisi zaidi.

6.0 Maandishi ya bahasha

Juu ya bahasha ya vidonge huandikwa "1×3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kwa aliyesoma shule ya msingi hiyo ni hesabu ya kuzidisha, na jibu ni 3. Katika hesabu za shule 1×2 na 2×1 ni mamoja. Katika duka la dawa ni tiba mbili tofauti. Maneno "kutwa mara mbili" nayo yanamhitaji msomaji asahau kwamba kutwa ni mchana hadi jua kuchwa, na kucha ni usiku hadi alfajiri; mgonjwa makini aweza kumeza vyote viwili kabla ya giza.

Saa ni hatari zaidi. Anayeandika "8:00" kwa mazoea ya Kiingereza anakusudia saa 2 asubuhi. Mjukuu aliye darasa la tano atamsomea bibi yake "saa nane", na dawa itamezwa mchana. Kwa kidonge kimoja cha presha kwa siku madhara ni madogo, mradi saa isibadilike kila siku. Kwa dawa nyingine si madogo. Kuandika "asubuhi, baada ya chai" hakugharimu wino mwingi.

7.0 Heshima na kuelewa

Mazungumzo huanza kwa maamkizi, na hapo tayari pana kosa linalongoja. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Unaendeleaje?" "Sijambo, namshukuru Mungu." Hayo ni maamkizi, si taarifa ya afya, yamsemaye "sijambo" aweza kuwa amepooza mkono. Tabibu anayeandika kuwa mgonjwa hana malalamiko ameyageuza maamkizi kuwa historia ya maradhi. Yafaa maamkizi yaachwe yaishe, kisha swali la tiba lije kwa umbo jingine: "Sasa mama, tangu tulipoonana, mwili umekuambia nini?"

Dawa za presha zina maudhi yake. Baadhi huongeza haja ndogo, nyingine huleta kikohozi kikavu au kuvimba miguu, na wanaume hulalamikia jambo ambalo hawalitaji. Mzee wa miaka 60 hatamwambia muuguzi wa umri wa binti yake kwamba nyumbani mambo hayaendi. Ataziacha dawa kimya. Tafsida ipo, nayo ni tajiri, lakini lazima aianze tabibu: "Mzee wangu, dawa hizi wakati mwingine huwachosha watu wazima ndani ya nyumba. Likitokea, tunabadilisha." Anayefasiri naye achaguliwe kwa busara. Katika jamii nyingi za Kibantu mjukuu na babu wana utani unaoruhusu mengi, ilhali mkwe hawezi kuyatamka.

Swali "Umeelewa?" lina jibu moja tu la adabu. Kusema "sijaelewa" mbele ya mkubwa ni kumwambia kwamba hakueleza vizuri. Kwa sababu hiyo mzigo wa swali uhamishwe:

(5) Tabibu: Mama, leo nimesema mengi na kwa haraka. Nisaidie nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, baba akikuuliza dawa hizi ni za muda gani, utamjibuje?
Mgonjwa: Nitasema ni za mwezi mmoja.
Tabibu: Hapo sikueleza vizuri. Pakiti ni ya mwezi. Dawa zenyewe zinaendelea. Kabla hazijaisha, unakuja kuchukua nyingine.

Itasemwa kuwa foleni ni ndefu na tabibu ni mmoja. Ni kweli. Lakini mazungumzo ya mfano (5) yanasomeka kwa sauti kwa chini ya dakika moja, na mgonjwa aliyerudi na kiharusi huchukua kitanda kwa majuma.

Kazi iliyobaki ni ya uwandani. Maneno yaliyopendekezwa humu, ya "namba ya kwanza", "imetulia kwa kuwa" na "inaishikilia", hayana budi kujaribiwa na wasemaji wa Kihangaza na Kishubi wa Kasulo yenyewe, hasa wazee wasiosoma, kabla hayajachapwa kwenye mabango huko Dar es Salaam. Na majaribio hayo yafanywe zahanati, siku ya kliniki, mgonjwa akiwa ameshika bahasha yake mkononi.